Barua kwa mwanangu Neema: usimkisie tajiri

Mwanangu Neema,

Nakuandikia kwa sababu jana pale mezani nilianza kusema ukanikatiza, baba tutaongea, na mimi nakujua, ukishasema tutaongea ndo imeisha hiyo. Alhamisi unapanda ndege. Sasa soma tu, usinijibu leo, soma hata ukiwa njiani ila ufike mpaka chini.

Kilichoninyima usingizi ni ile habari uliyonitumia mwenyewe, kwamba Washington Post, lile gazeti kubwa la Marekani, wamepunguza karibu theluthi moja ya wafanyakazi, hiyo Februari 2026, mpaka dawati la michezo wamelifunga. Chini yake ukaandika "bado nitaomba nafasi pale nikimaliza masomo". Nilijivunia sikatai, nikamwonyesha na mama yako. Halafu usiku nikakaa macho. Kupunguzwa kazi sio kinachonitisha sana, kazi zinapotea kila mahali na wewe una mikono na kichwa, hutakufa njaa. Namwogopa mwenye gazeti. Yaani hata sio yeye mwenyewe, naogopa wewe utakavyozoea kumkisia anachotaka kabla hajasema. Nitalirudia hili neno mpaka ukasirike: usimkisie tajiri.

Baba yako mdogo alivyokuwa anaendesha daladala si unakumbuka mwenye gari walimwita tajiri, na jioni hesabu ya tajiri lazima itimie, mvua inyeshe au isinyeshe. Ikitimia wamemalizana, dereva anaenda kulala. Tajiri wa gazeti la kisasa hesabu yake kubwa iko kwingine kabisa, kwenye biashara ambazo wewe mwandishi huzioni na hukuajiriwa kuzijua, na huko ndiko serikali inakomshika.

Huyu Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, ile kampuni ya kuuza vitu mtandaoni, alilinunua gazeti 2013 kwa dola milioni 250, kutoka kwa familia ya Graham iliyokuwa nalo tangu 1933. Na usidhani alianza vibaya, hapa nataka uwe na haki naye maana nyie vijana mkishamchoka mtu mnafuta hadi mazuri yake. Mwandishi wao Jason Rezaian alifungwa Iran, alipoachiwa Januari 2016 Bezos alimfuata Ujerumani na ndege yake mwenyewe akamrudisha nyumbani. Trump alipoanza kumsema mwishoni mwa 2015, Bezos akamjibu mtandaoni kwamba atamtengea kiti kwenye roketi yake ampeleke angani. 2017 gazeti likaweka chini ya jina lake yale maneno kwamba demokrasia hufa gizani. Jamal Khashoggi, aliyekuwa na safu kwenye gazeti hilo, alipouawa Oktoba 2018 ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia kule Istanbul, mwaka uliofuata Bezos alienda Istanbul kwenye kumbukumbu yake akasimama na mchumba wa marehemu. Na aliyekuwa mhariri mkuu, Marty Baron, ameeleza kwamba miaka yote ile tajiri hakumwingilia kwenye habari.

Kwa hiyo ni mtu huyohuyo mama. Ndo maana naogopa. Angekuwa mwoga tangu mwanzo ungemjua mapema ukajipanga.

Angalia sasa hesabu ilivyokuwa inasoma huko kwingine. 2019 kulikuwa na tenda ya Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ya kompyuta za mtandaoni, mpaka dola bilioni 10, ikaenda Microsoft, Amazon wakakimbilia mahakamani wakisema Trump aliingilia kwa sababu ya chuki yake na Bezos. Tenda ikafutwa 2021, Desemba 2022 ikaja nyingine ya hadi bilioni 9 wakawekwa kampuni nne, Amazon wakiwemo. Ile kampuni yake ya maroketi, Blue Origin, Mei 2023 ilipata mkataba wa NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, wa dola bilioni 3.4 kutengeneza chombo cha kushusha watu mwezini. Sasa weka hizo hela pembeni ya gazeti la milioni 250, gazeti lenyewe linapata hasara, halafu Trump anaelekea kurudi Ikulu na hasahau. Wewe ungekuwa Bezos ungelala?

Tarehe 25 Oktoba 2024, siku 11 kabla ya uchaguzi, bodi ya tahariri ilikuwa imeshaandaa maandishi ya kumuunga mkono Kamala Harris, mpinzani wa Trump, ikatangazwa kwamba gazeti halitaunga mkono mgombea yeyote. Siku hiyohiyo viongozi wa Blue Origin wakaonana na Trump huko Texas. Bezos aliandika baadaye kwamba hakujua mapema habari za huo mkutano, hakuna mtu aliyeahidiana na mtu, na akakiri kwa kalamu yake kwamba ukiangalia suala la kuonekana na mgongano wa maslahi yeye sio mmiliki anayefaa sana. Mimi moyoni mwake siwezi kuingia. Ninachojua wasomaji zaidi ya 250,000 waliokuwa wanalipia wakajitoa ndani ya siku chache, na wasomaji hawajitoi kwa sababu ya tahariri moja, wanajitoa wakihisi kuna mtu kakaa kati yao na gazeti.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Amazon wakatoa dola milioni 1 kwa ajili ya kuapishwa kwa Trump, tarehe 20 Januari 2025 Bezos akawa amekaa mle ukumbini na matajiri wenzake, Februari akatangaza kurasa za maoni zitatetea uhuru wa mtu binafsi na soko huria na wenye mawazo tofauti watafute pa kuandikia kwingine. Aprili zikatoka habari kwamba Amazon wanafikiria kuonyesha wateja gharama ya ushuru kwenye bei za bidhaa, Ikulu ikasema huo ni uadui, Trump akapiga simu, siku hiyohiyo Amazon wakasema halitafanyika, na Trump akawaambia waandishi kwamba Bezos ni mtu mzuri. Simu moja tu. Yule aliyemwambia atampeleka angani.

Mama yako ananiambia nisikujazie kurasa za siasa nikukumbushe koti. Haya, koti zito usilitie kwenye begi la kukabidhi, livae au ulishike mkononi, begi likipotea utafika kwenye baridi na blauzi. Na ile dawa ya kifua iweke na cheti chake cha daktari.

Nirudi. Aliyenishika moyo kwenye mambo yote haya ni yule mchora katuni, Ann Telnaes. Januari 2025 alichora matajiri wamepiga magoti mbele ya sanamu ya Trump, wanamnyanyulia mifuko ya hela, na bosi wake Bezos yumo. Katuni ikakataliwa. Akaacha kazi. Mei mwaka huohuo akapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule Marekani. Najua wewe ulishamsoma, na najua ndo unayetaka kuwa kama yeye, na mimi ningefurahi, nani asingefurahi.

Lakini mimi usiku ule sikuwa namuwaza yeye. Nilikuwa namuwaza mhariri aliyeikataa ile katuni, David Shipley. Alisema aliikataa kwa sababu kulikuwa na makala imeshatoka ya mada hiyohiyo na nyingine iko njiani, hakutaka kurudia. Inawezekana kabisa. Mhariri kila siku anakataa vitu kwa sababu kama hizo, nimekaa kwenye kiti cha namna hiyo miaka mingi nakwambia inawezekana. Na tajiri alipokuja na yale masharti ya Februari, Shipley huyohuyo akaondoka. Kwa hiyo alikuwa na mstari wake, akaufikia, akatoka. Mimi nilipoufikia wa kwangu sikutoka.

Hili sijawahi kukwambia na mama yako anajua nusu. Nilikuwa zamu ya usiku, kurasa zinakaribia kwenda mtamboni, kuna stori ya kijana mmoja, amehangaika nayo wiki tatu, ina nyaraka, ina pande zote mbili, safi. Ilimgusa mkubwa mmoja. Na mimi nilikuwa nimesikia tu kwenye korido kwamba tajiri wetu ana tenda inasubiri sahihi ya mkubwa huyo. Hakuna aliyenipigia simu Neema. Hata mmoja. Simu ilikuwa pale mezani imekaa kimya. Nikamwambia kijana stori yako haijaiva, tuipe wiki moja. Nikaweka habari ya mvua. Wiki ikawa mbili, kijana hakuuliza tena, mwezi uliofuata akaacha kazi. Mpaka leo sijui kama tajiri angeikataa, pengine asingejali, pengine angenipigia simu kunipongeza, sijui, kwa sababu sikumpa nafasi ya kukataa. Mwishoni mwa mwaka nikapandishwa cheo. Ile ada yako ya kidato cha tano iliyolipwa yote kwa mkupuo, wewe ukaenda kuwaringia wenzako, ndo hela ya huo mwaka. Basi.

Sikuelezi ili unionee huruma. Nakueleza ujue kinavyokuja, maana wewe unasubiri siku tajiri akuite ofisini akutishe, na hiyo siku umeshaiandalia hotuba, nimekusikia ukiifanyia mazoezi bafuni. Haitakuja hivyo. Utakuwa umechoka, saa tano usiku, kuna sentensi moja unajua italeta maneno, na utasema ah, tuilainishe kidogo, haina haja. Hakuna aliyekuambia. Hapo ndo umeshamkisia. Ukilainisha leo, kesho mhariri wako hatakuwa na cha kukataa, na keshokutwa tajiri atasema kwa ukweli kabisa kwamba hajawahi kumzuia mtu.

Utaniambia kila mwenye gazeti ana biashara nyingine, wafanyeje. Kweli. Katharine Graham mwenyewe, wa ile familia iliyokuwa na gazeti kabla ya Bezos, alikuwa nazo. Juni 1971 kampuni yake ndo kwanza imeingia soko la hisa, siku chache tu, na wanasheria wanamwambia ukichapa zile nyaraka za siri za vita vya Vietnam unaweza kupoteza kila kitu, akasema chapeni. Na wakati wa Watergate, ile kashfa iliyomwangusha Rais Nixon, watu wakaanza kupinga leseni za vituo vyake vya televisheni kule Florida, hisa zikaporomoka, aliogopa, hakuficha baadaye kwamba aliogopa, na waandishi wake Woodward na Bernstein wakaendelea kuiandika kashfa. Kwa hiyo woga sio dhambi. Ila yule mama mali yake nyingi ilikuwa ndani ya kampuni hiyohiyo ya gazeti, likifa naye anaumia, na nadhani hapo ndo tofauti ilipo. Bezos gazeti likifa kesho anaendelea kuwa Bezos. Ndo maana usiweke tumaini lako kwenye moyo wake, wala usimchukie, jua tu kwamba hesabu yake haiko kwako.

Na weka akiba. Nisikilize hapa hata kama hukunisikiliza kwingine. Kila mwezi tia kitu pembeni hata kidogo, usiguse, usimkopeshe mtu, hata mimi nikikuomba sema huna. Mwandishi mwenye kodi ya miezi sita benki anaandika tofauti na mwandishi anayedaiwa. Mimi nilikuwa nadaiwa. Yule mama wa katuni wakati anaandika barua ya kuacha kazi lazima alipiga hesabu ya nyumbani kwanza, huwezi kuniambia hakupiga.

Halafu acha kiburi na wahariri. Una tabia, nimekulea naijua, mtu akikurekebisha koma unanuna siku mbili. Sio kila anayekukatia stori ameogopa, wengine wamekuokoa. Uliza. Muulize mbele ya watu, kwa heshima, kwa nini hii inatoka? Akijibu sababu ya kazi, shukuru. Akianza kuangalia pembeni, andika tarehe kwenye daftari lako. Yule kijana wangu laiti angeniuliza mara ya pili, nadhani ningeshindwa kumwangalia, pengine ningeirudisha. Alinyamaza kwa heshima. Wewe usininyamazie mtu kwa heshima ya namna hiyo.

Mambo ya hapa yapo sawa. Goti la mama yako limepungua kuvimba tangu aanze yale mazoezi, ila kupanda ngazi bado. Bakari mtihani wake wa hesabu amepata 61, nimemwambia dada yako alipata zaidi, usimwambie nimesema maana najua sikutenda vizuri kusema vile. Dari la chumba chako linavuja upande wa dirisha, fundi anakuja Jumamosi, vitabu vyako nimevihamishia chumbani kwetu, sijafungua lile boksi la barua.

Kesho jioni shangazi yako anapita kukuaga, vumilia maswali yake ya ndoa. Airport tutaondoka saa kumi alfajiri, nimeshaongea na dereva. Na lile tanki jipya la maji limeanza kutoa maji chini kwenye koki, wewe ndo uliyepokea risiti siku ile walipolileta, iko wapi? Nimetafuta kwenye droo ya sebuleni na kwenye mkoba wa mama yako sijaiona, na bila risiti hawabadilishi.

Baba yako