Chombo kimepanda

Nungwi, Juni

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, na mama yako nilimpitia jana nikampelekea kitoweo, anakusalimu sana. Hela yako ya kutengenezea mashua yetu imefika. Kabla hujaniuliza rangi iko wapi, nakwambia mwenyewe: rangi sikununua. Nimenunua pamba, mafuta ya nazi, sifa (yale mafuta ya papa) na makuti.

Mashua tuliipandisha alfajiri, bamvua la mwezi mpevu. Walikuja watu 20 na ushei, tukaivuta juu ya magogo ya mnazi mpaka pale maji hayafiki, tukaiegemeza kwa gadi nne kila upande. Nje ya kisiwa cha Mnemba pepo za kusi zimechachamaa, na mwenye akili haendi huko sasa. Tumebaki na madema ya kutegea samaki ndani ya mwamba mpaka bahari itulie.

Sasa nikueleze kwa nini rangi ingoje. Unakumbuka mwaka jana tuliiacha juani, ubavu wa kushoto ukipigwa na jua la alasiri miezi mitatu. Mbao za mwembe zikakauka zikaachana, hata ncha ya kisu ilipita baina yake. Siku ya kuishua majini ikanywa maji mpaka kwenye mataruma, zile mbavu za ndani, na tukailoweka siku tatu majini ndipo mbao zikavimba zikafunga. Lile kosa lilikuwa langu na limeniuma mwaka mzima. Ukipaka rangi juu ya nyufa umeficha kidonda tu.

Kwa hiyo nimeanzia chini. Tumekwangua magamba na majani ya bahari, tukaipitishia tumbo moto wa makuti, polepole, ili kuua wadudu watobowao mbao. Moto ule una kipimo chake, na mzee wetu fundi hakumwachia mtu mwingine kuushika. Kisha ndiyo kalafati, kuziba nafasi za mbao kwa pamba. Pamba yote ya zamani imetolewa kwa patasi. Kwingine ilikuwa imeoza, inatoka kama majivu. Mpya tumeilowesha mafuta ya nazi, ikashindiliwa kwa nyundo mbao kwa mbao. Siku sita, na mlio wa ile nyundo nilikuwa nausikia hata usingizini. Juu tumepaka sifa. Harufu yake unaijua. Nikirudi nyumbani watoto wananikimbia.

Deheni nayo, ile ya kupaka tumbo la chombo, nimeizuia. Ulisema tuipake sasa tumalize kazi, lakini chokaa na shahamu zikikaa juu kavu miezi yote hiyo zitapasuka na kubanduka. Tutaipaka wiki ya kushua, ingali laini.

Nimejenga banda la makuti juu ya mashua, na kila jioni namwagia mbavu ndoo chache za maji ya bahari. Ya mvua siyataki, maana yale ndiyo yanayoozesha mbao; tundu la ngama, la kutolea maji chini ya chombo, nimelizibua ili mvua ikiingia itoke yenyewe.

Tanga nimelifua kwa maji baridi, likakauka vizuri, limening'inia kwenye boriti mbali na panya. Mashine niliitia kwenye pipa la maji ya kisima, ikanguruma mpaka petroli ikaisha yenyewe, ili isigande ndani ya kabureta. Nikatoa plagi, nikatia oili kidogo, nikavuta kamba mara mbili tatu. Mafuta ya gia yalitoka meupe kama tui, kumbe maji ya chumvi yalikuwa yameshaingia. Sili ya kuzuia maji nimebadilisha. Nayo imetoka kwenye hela yako.

Limebaki jambo moja, na hili sitaki kuliamua peke yangu kwa kuwa chombo ni chetu sote wawili. Taruma la tatu kutoka tezi, yaani nyuma, limeoza chini, karibu na mkuku, ule uti wa chombo. Fundi anasema linaweza kuungwa kipande, likatufikisha kaskazi ijayo. Au tulitoe zima, tuweke jipya la mfenesi. Ameshaona tawi lililopinda lenyewe kwa asili, halihitaji kulazimishwa. Mimi moyo wangu uko kwenye jipya. Bei nitakutumia kesho akishapima. Nijibu kabla ya Ijumaa, mwenye mfenesi hatatungojea.

Wasalimie wote hapo Muscat, na watoto uwabusu.

Wako,
Nahodha mwenzio