Barua kwa Hamisi, Kuhusu Maurice Stokes

Kwako rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliipata, na nilipofika pale ulipoeleza jinsi kijana wa timu yako alivyogonga kichwa sakafuni, akazirai, kisha alipozinduka akaomba arudishwe mchezoni, nilimkumbuka papo hapo Maurice Stokes, yule mchezaji Mweusi wa mpira wa kikapu wa Marekani.

Stokes alizaliwa mwaka 1933 karibu na Pittsburgh, Marekani, akasoma Saint Francis, chuo kidogo cha Kikatoliki kilichopo Loretto, katika vilima vya Pennsylvania. Alikuwa na urefu wa takriban mita 2, pande la mtu, lakini alikuwa na macho na mikono ya mtoa pasi: aliudaka mpira ulipogonga ubao wa upande wake, kisha akaukimbiza mwenyewe hadi mbele huku akiudunda, jambo ambalo watu wa umbo lake hawakuzoea kulifanya zama hizo. Mwaka 1955 chuo chake kilialikwa katika NIT, mashindano ya timu za vyuo, jijini New York. Katika nusu fainali dhidi ya Dayton alifunga pointi 43, wakashindwa katika muda wa nyongeza, na hatimaye wakamaliza wa nne; hata hivyo yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko vikombe vingi.

Mwaka huohuo alijiunga na timu ya Royals ya Rochester katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akawa mchezaji chipukizi bora wa msimu. Tarehe 12 Machi 1958, huko Minneapolis, alianguka akielekea kikapuni, akagonga kichwa na kupoteza fahamu. Walimnusisha dawa, akazinduka, akarudi kucheza. Siku tatu baadaye alicheza tena, na ndani ya ndege ya kurudi nyumbani akashikwa na degedege. Alipopata fahamu mwili wote ulikuwa umepooza, wala hakuweza kusema, ingawa akili yake ilibaki timamu.

Mwenzake wa timu, Jack Twyman, Mzungu mwenye umri wa miaka 23, alikwenda mahakamani akawa mlezi wake wa kisheria, ili bili za hospitali zipate wa kuzishughulikia. Mwanzoni Twyman aliketi kando ya kitanda akitaja alfabeti, herufi moja baada ya nyingine, na Stokes akapepesa jicho ilipotajwa aliyoitaka, mpaka neno likatimia. Hamisi, kila nikifikiria saa walizotumia hivyo, moyo hunijaa.

Stokes alifariki tarehe 6 Aprili 1970, akiwa na miaka 36, na kwa ombi lake mwenyewe akazikwa katika eneo la chuo chake, Loretto.

Nakusihi sana, usimpange kijana huyo katika mechi ya Jumamosi kabla daktari hajampima. Niandikie mara tu utakapopata majibu.

Wako daima,
Idrisa