Sudan: dini ilibebeshwa mzigo wa wengine

Mhariri,

Kuna msomaji wenu aliyeandika kwamba vita vya Sudan ni vya Waislamu na Wakristo tangu mwanzo. Nimefundisha historia sekondari miaka mingi, na wanafunzi waliniuliza jambo hilo kila mwaka. Naomba nafasi nijibu.

Askari wa kusini waliasi katika mji wao wa Torit Agosti 1955, kabla ya uhuru na kabla ya sharia. Walichohofia ni kutawaliwa na Khartoum. Mwaka 1972 mkataba wa Addis Ababa uliwapa serikali yao ya jimbo, na bunduki zikatulia miaka 11. Mwaka 1978 mafuta yakapatikana karibu na Bentiu, huko huko kusini. Mwaka 1983 maasi ya askari wa Bor, mji wa kusini, yalizuka Mei, Rais Nimeiry akaivunja serikali ya kusini Juni, na sharia akaitangaza Septemba. Tazama mpangilio wa miezi hiyo, ndugu mhariri: sharia ilikuja mwisho.

Sisemi dini haikuumiza mtu. Iliumiza sana, watu walikatwa mikono kwa jina lake. Lakini ingekuwa ndiyo chanzo, Darfur, magharibi mwa Sudan, ambako karibu wote ni Waislamu, isingeungua mwaka 2003. Na Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, Desemba 2013, wafuasi wa Rais Kiir na wa Machar, aliyekuwa makamu wake, waliuana ilhali viongozi wote wawili ni Wakristo. Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan, na Dagalo, mkuu wa kikosi cha RSF, nao tangu Aprili 2023 wanagombea madaraka huku wakielekea kibla kimoja.

Mimi ni Mwislamu. Inaniuma dini yangu kutajwa kwanza, mafuta na dhahabu mwisho.

Mwalimu mstaafu wa historia