Riwaya yangu ya Australia haitakuwa na Mswahili mgunduzi

Mhariri,

Tangu niwaambie wenzangu hapa Tanga kwamba ninaandaa riwaya ya kihistoria ya Australia wakati wa ukoloni wa Waingereza, ushauri ninaopewa ni huo huo: nimtie nahodha wa Kilwa, avuke bahari, aigundue nchi ile kabla ya baharia Mwingereza, Kapteni Cook. Naomba nafasi nieleze kwa nini sitafanya hivyo, kisha niwaombe wasomaji wako msaada.

Ushauri huo una chanzo chake. Mwaka 1944, wakati wa vita, mwanajeshi wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Akazitia koponi, na hazikuchunguzwa hadi mwaka 1979. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa. Mtu wa pwani akisikia hayo lazima moyo umdunde. Lakini zile nne zilizobaki zilikuwa za Waholanzi, za karne nyingi baadaye, na hakuna ajuaye kwa hakika zote zilifikaje pale. Mimi nilikuwa karani wa forodha bandarini hadi nilipostaafu. Nimewaona mabaharia wenye fedha za nchi ambazo hawajapata kuzikanyaga. Sarafu tano hazinipi nahodha.

Na hata zingenipa, angegundua nini? Wenyeji wa Australia walikuwapo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Cook alipandisha bendera Agosti 1770 na kuitangaza pwani ya mashariki kuwa mali ya mfalme wake, na Mahakama Kuu ya Australia ilichukua hadi mwaka 1992, katika kesi ya Mabo, kukubali kwamba wenyeji walikuwa na haki juu ya ardhi yao. Sisi tuliofundishwa shuleni kwamba mmisionari Mjerumani Rebmann aligundua Kilimanjaro mwaka 1848, Wachaga wakiwa mashambani mwao wanalima, tuna haki gani ya kwenda kuwafanyia wengine vivyo hivyo, hata kama ni kwenye karatasi tu?

Riwaya yangu itakaa pwani hiyo hiyo ya kaskazini, pamoja na watu waliokuwapo kweli. Karibu na Desemba, wakati huku kwetu kaskazi inaanza kuvuma, majahazi ya Makassar kutoka kisiwa cha Sulawesi, Indonesia ya leo, yalishuka hadi Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, kutafuta majongoo bahari, viumbe laini wa sakafu ya bahari wanaoliwa China. Pepo zilipogeuka, miezi ambayo sisi tunaingia kusi, yalirudi kwao. Matthew Flinders, aliyekuwa akipima pwani kwa niaba ya Waingereza, alikutana nayo Februari 1803. Nahodha mmoja wao, Pobassoo, alimweleza kwamba msimu ule kulikuwa na majahazi 60 na watu wapatao 1,000. Aliyetafsiri mazungumzo yao alikuwa mpishi Mmalei wa meli ya Flinders. Nampenda mpishi yule kuliko manahodha wote wawili, na nimekwisha mwandikia kurasa nyingi.

Pale ufukweni walimchemsha jongoo katika masufuria makubwa ya chuma, wakamfukia mchangani, wakamkwangua ngozi, wakamkausha kwa moshi wa kuni za mikoko ili auzwe China. Walikula wali kwa ukwaju, na kokwa walizotupa zikaota. Mikwaju ipo hadi leo mahali palipokuwa kambi zao. Wayolngu, wenyeji wa pwani ile, walifanya kazi nao, wakabadilishana nao bidhaa, wakazaa nao, na baadhi yao wakasafiri nao hadi Makassar. Damu pia ilimwagika, na hilo sitalificha.

Halafu ikaja serikali. Katika miaka ya 1880 koloni la South Australia, lililotawala eneo lile, lilianza kuwadai Wamakassar leseni, na ushuru wa mchele, tumbaku na pombe. Afisa wa forodha aliyehusika sana ni Alfred Searcy. Mwaka 1906 ikaamuliwa leseni zisitolewe tena, na mwaka 1907 jahazi la mwisho, la nahodha Using Daeng Rangka, likaondoka. Hakuna mzinga uliopigwa. Karatasi za ofisini zilitosha kuzitenga familia za ng'ambo mbili za bahari. Ofisi ya namna hiyo naijua ndani nje: kitabu cha ushuru, muhuri, na nahodha aliyesimama akingoja huku maji yakianza kupwa. Maisha yangu yote ya kazi nilikaa upande wa karani. Sasa nataka kuandika nikiwa upande wa yule aliyesimama.

Msimulizi wangu atakuwa kijana wa Makassar, mchemshaji wa majongoo. Wayolngu watakuwamo, watasema na watatenda, ila yaliyo ndani ya mioyo yao sitayasimulia mimi. Wana wasimulizi wao, na wana nyimbo zao ambazo hadi leo zinawataja wageni wale wa Makassar.

Msaada ninaouomba ni huu. Jongoo waliyemtafuta sana kule ni huyu huyu jongoo mchanga wa kwetu. Wapo wazee wa Sahare, Kigombe, Moa na Jasini waliomtoa baharini, wakamchemsha na kumkausha. Vitabu vinanieleza bei na shehena. Havinielezi mpishi anajuaje kwamba jongoo ameiva, maji yake yanakuwa na rangi gani, mikono inawasha vipi baada ya kukwangua kutwa, wala moshi wa mkoko mbichi na wa mkoko mkavu unatofautianaje machoni. Na je, akikaushwa vibaya, ni nani katika chombo aliyelipa hasara, mchemshaji au nahodha? Kina mama waliofanya kazi hiyo ufukweni nawaomba hasa, maana wao huulizwa kwa nadra. Waniandikie kupitia gazeti hili, au waje asubuhi soko la samaki la Deep Sea. Nitakuwapo na daftari.

Karani mstaafu wa forodha,
Chumbageni, Tanga