Mke wangu huniuliza nina nini, nami sijui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mkazi wa Likoni, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini Kilindini. Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu inayumba, na chanzo si mwanamke wa nje, si pombe wala si pesa.

Nikirudi kazini niko kimya, mke wangu huniuliza, "Baba Swafiya, leo una nini?" Nami humjibu sina kitu. Yeye huona namficha. Wallahi simfichi. Nikijichunguza nijue kama ni hasira, huzuni au woga, sipati kitu. Ninachokijua ni mwili tu: shingo imekakamaa, tumbo limejaa, usingizi haupo. Basi maneno yakizidi huchukua kofia nikaenda barazani kucheza karata hadi nyumba ilale.

Babangu alipofariki, nilisimamia kila kitu, kuanzia sanda hadi hitima, na watu wakanisifu kwa subira. Baadaye, nikiwa kivukoni katika umati unaongoja feri, kifua kilinibana nikashindwa kupumua. Nilikimbizwa hospitali nikijua ni moyo. Nikapimwa moyo, presha na damu, vyote sawa. Daktari akaniuliza kama kuna jambo linalonihuzunisha. Nikamwambia hapana, na wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa kweli yangu.

Ndiye aliyenituma kwa mshauri nasaha. Huyo mama alinipa kipimo cha Toronto, chenye maswali 20, na alama zangu zikapita 61, ambapo mtu huhesabiwa kuwa na aleksithimia: ugumu wa kuzitambua hisia zako na kuzieleza. Aliyeipa hali hii jina hilo miaka ya 1970 ni daktari wa akili Peter Sifneos. Mshauri alinihakikishia kwamba si wazimu, na kwamba hukadiriwa kumpata karibu mtu mmoja katika kila kumi. Nilishukuru sana kusikia hivyo, maana ami yangu alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kunisomea. Dua siikatai, lakini sitaki mke wangu aambiwe ameolewa na mtu mwenye jini.

Sasa nilipokwama ni hapa. Mshauri anasema ninachohitaji kujenga ni unyumbufu wa kisaikolojia: hisia nzito ikija niiache iwepo, nisiikimbie wala nisiiache iniendeshe, na bado nifanye lile ninalolithamini. Ndiyo njia ya tiba aliyoianzisha Steven Hayes wa Marekani na wenzake. Aliniambia pia kuwa tafiti zimeona wenye shida kama yangu mara nyingi huwa na unyumbufu mdogo. Mimi naliamini hilo, kwa sababu kila nikiondoka kwenda barazani huwa nakimbia kitu. Lakini Shangazi, namkaribishaje mgeni ambaye hata hodi yake siisikii?

Juzi binti yetu alirudi na matokeo mabaya ya mtihani akilia. Mimi nikaanza kuzungumzia masomo ya ziada na karo yake. Mamake akamvuta kifuani bila kusema neno, na mtoto akatulia. Nilisimama pale, mikono imekuwa mizito. Nampenda mtoto yule kuliko roho yangu. Hilo nalijua bila shaka, hata siku ambazo sijui kitu kingine.

Naomba unishauri. Je, nianze kwa kujifunza majina ya hisia, niandike kila jioni mwili ulivyokuwa na nini kilitokea kabla yake? Au nianze kwa kutenda, nibaki sebuleni na kifua changu kilichobana, hata kama sijui kimebanwa na nini? Na mke wangu akiniuliza tena, nimwambie nini badala ya "sina kitu", asije akadhani nimetafuta kisingizio kipya? Nataka pia kumwomba tuende pamoja kwa mshauri, ila naogopa atasikia kwamba yeye ndiye tatizo.

Baba Swafiya,
Likoni, Mombasa