Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maji na Mazingira, Kaunti ya Nakuru: Pampu Zisizimwe kwa Vipimo vya Mei

Mheshimiwa Waziri,

Ofisini mwako kuna ombi la kuzima pampu zinazosafisha maji ya ardhini karibu na kiwanda cha kemikali, juu ya kijito kinachoteremka kuelekea Ziwa Nakuru. Sababu iliyotolewa ni kwamba vipimo vya Mei vinaonyesha sumu iko chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Tunakusihi usiliidhinishe kwa vipimo hivyo.

Mwezi Mei kijito kimejaa maji ya mvua, na sumu imezimuliwa. Januari na Februari ndipo maji ya kijitoni hutoka ardhini zaidi, na kinachovuja huonekana. Tena, kila sampuli iandamane na kipimo cha mtiririko. Mikrogramu 5 za sumu kwa lita, kijito kikipitisha lita 200 kwa sekunde, ni gramu 86 kwa siku. Mikrogramu 20 kwa lita, kikipitisha lita 20, ni gramu 35 tu. Ripoti inayotaja mikrogramu pekee ingeisifu ile hali ya kwanza, ilhali ndiyo inayopeleka sumu nyingi zaidi ziwani. Na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka: metali zikifika huko hutulia topeni. Kwa hivyo tope la juu, sentimita 5 hivi, lipimwe pia.

Kuhusu visima vya uchunguzi: bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita ya maji. Kisima chenye mita 10 za maji kina lita 20 zilizotuama, na viyeyushi vyake, yaani kemikali za kiwandani zinazogeuka mvuke kwa urahisi, huenda vimeshapotea hewani. Zitolewe kwanza lita 60, yaani mara tatu ya ujazo huo, au maji yavutwe polepole kwa pampu hadi joto, pH (kipimo cha asidi) na upitishaji wa umeme vitulie. Sampuli za viyeyushi zijazwe hadi pomoni kwenye chupa za kioo za mililita 40, bila hata kiputo cha hewa, zikae kwenye barafu mpaka maabara. Ndoo ya kutumbukiza haifai. Huyatibua maji na kuzipeperusha kemikali zenyewe.

Kisima kimoja kiwe upande wa juu, maji yanakotoka kabla ya kufika kiwandani. Hapa kwetu maji ya ardhini yana floraidi ya asili itokayo kwenye miamba, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Bila kisima hicho, ama kiwanda kitasingiziwa kosa la mwamba, ama mwamba utasingiziwa kosa la kiwanda.

Hata vipimo vya kiangazi vikiwa vizuri, pampu zisiondolewe. Kemikali iliyofyonzwa na udongo wa mfinyanzi hutoka polepole pampu zikizimwa, na viwango hupanda tena baada ya miezi. Zizimwe kwa majaribio, visima vipimwe kila miezi mitatu kwa muda usiopungua mwaka mzima, na ziwashwe mara viwango vikipanda.

Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tunaomba ndani ya siku 21: ripoti kamili za maabara, wala si muhtasari, kina cha maji katika kila kisima, tarehe na saa za kuchukua sampuli, majibu ya chupa za maji safi zilizobebwa pamoja na sampuli ili kuonyesha kama zilichafuliwa njiani, na fomu zinazoonyesha nani alipokea sampuli kutoka kwa nani.

Wataalamu wa maji na wakazi wa kandokando ya kijito,
Nakuru