Kipimo cha radoni kitajwe na msimu wake

Ndugu Mhariri,

Chumba kimoja kikipimwa gesi ya radoni kwa siku tatu za masika, kisha kikapimwa tena Agosti, majibu yanaweza kupishana sana bila mpimaji kukosea. Gesi hii hutokana na urani iliyomo ardhini, haina rangi wala harufu, na katika nchi nyingi ndiyo sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo, na pasipowezekana isivuke 300. Huo ni wastani wa mwaka, si wa wiki.

Maelekezo mengi ya Ulaya na Marekani husema pima wakati wa baridi, kwa kuwa nyumba inayopashwa moto huvuta hewa ya ardhini. Dar es Salaam nani anapasha nyumba moto? Kwetu mambo makubwa ni mvua na dirisha. Mvua ikiloanisha udongo wa uani hadi ukashiba maji, gesi hukosa pa kutokea. Hugeukia udongo mkavu chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege ya nyumba, na kupenya kwenye nyufa na pembeni mwa mabomba. (Ua uliotandikwa pevingi ukuta hadi ukuta huiziba hivyohivyo hata kiangazi.) Wakati huohuo madirisha yamefungwa, na kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ileile. Mgandamizo wa hewa nao ukishuka huiachia gesi itoke ardhini; hushuka kila siku, kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, ila ni kidogo, hektopaskali mbili tatu tu kati ya elfu moja hivi.

Upepo una pande mbili. Kusi ikivuma na madirisha yanayotazamana yakawa wazi, gesi hupungua upesi. Ukifungua la upande uliokingwa peke yake, hewa ya ndani hunyonywa nje na ya ardhini huja kujaza nafasi.

Vikopo vya mkaa vya kunasia na kupimia radoni kwa siku chache havifai sana pwani, maana unyevu hugombea nafasi na radoni ndani ya mkaa. Bora kigunduzi cha plastiki cha miezi mitatu: kimoja Machi hadi Mei, kingine Juni hadi Agosti. Kiwekwe chumba cha kulala cha chini, sentimita 50 au zaidi kutoka sakafuni, mita moja kutoka dirishani, mbali na feni. Si jikoni wala bafuni. Wa ghorofa ya nne wanaweza kusubiri.

Anayetangaza vipimo vya nyumba zetu aandike pia vilichukuliwa mwezi gani, na madirisha yalikuwaje.

Msomaji,
Tabata, Dar es Salaam